Peku, ndala au raba? Kumchagulia mzee njia ya kutoanguka

Mama alianguka saa tisa usiku, kati ya kitanda na mlango wa choo. Ni hatua saba. Nilizihesabu kesho yake. Hakuvunjika kitu. Alichubuka kiwiko na akapata alama pajani iliyokaa wiki tatu. Ndala moja ilikuwa bado mguuni, ya pili imebaki nyuma kama nusu mita. Niliigeuza nikaitazama soli: upande wa kisigino umelika, mistari yote imefutika, inateleza kama kipande cha sabuni. Na chini ya kitanda chake kulikuwa na boksi la viatu vizuri vya ngozi, tulivyochangishana kumnunulia. Vya kutokea. Havijawahi kumpeleka chooni.

Tangu hapo, kila ninachoambiwa kwamba kinazuia wazee kuanguka nakipima kwa hatua saba zile. Kitamfaa mtu aliyeamka na usingizi, gizani, mkojo umembana? Au kitamfaa tu akiwa amevaa akapendeza, mchana, mjukuu yuko pembeni? Si kwamba mchana hawaanguki. Ila familia nyingi hununua vya mchana na kuusahau usiku.

Na jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi linalopoteza wengi zaidi ni la waliovuka miaka 60. Kati ya wenye miaka 65 na kuendelea, karibu mmoja kwa kila watatu huanguka angalau mara moja kwa mwaka. Wengi huinuka wakajipangusa, wasimwambie mtu.

Cha kuvaa ndani ya nyumba

Nianze na peku, maana ina watetezi wengi na hoja yao si ya kupuuzwa. Unyayo una neva nyingi zinazouambia ubongo sakafu ikoje, imeinama wapi, uzito umeegemea upande gani. Ukiufunika, baadhi ya habari hizo zinapotea. Mama mwenyewe aliniambia, "Mwanangu, mimi nimetembea peku miaka yote, leo ndiyo sakafu inishinde?"

Shida ni kwamba mguu wa miaka 75 si ule wa miaka 30. Vidole vimepinda, misuli midogo ya unyayo imelegea, mafuta ya chini ya kisigino yamepungua, na hisia zenyewe zimefifia. Watafiti waliowafuatilia wazee majumbani wamekuta zaidi ya mara moja kwamba wanaotembea peku au na soksi tupu huanguka zaidi kuliko waliovaa viatu. Mwenye kisukari aliyeingiwa na ganzi ndiyo kabisa: peku si yake hata chumbani, kwa sababu atakanyaga kitu chenye ncha asijue mpaka aone damu kwenye shuka.

Soksi tupu kwenye sakafu laini ni mbaya kuliko vyote, sina la kuongeza. Zile zenye vitone vya mpira chini ni afadhali, lakini zikilegea huzunguka mguuni, ukija kuangalia vitone viko juu ya mguu na kitambaa kiko chini.

Ndala ndiyo inayopendwa, na najua kwa nini: haihitaji kuinama, haidhuriki na maji, inakauka upesi. Mwangalie tu mzee aliyeivaa anavyotembea, umtazame vidole. Vimejikunja kama vinashika tawi. Anaikamata ndala isimponyoke, na kwa ajili hiyo hanyanyui mguu, anauburuta. Hatua inakuwa fupi, ncha ya mbele inagusa kila kizingiti. Akigeuka ghafla, mguu unakwenda huku na ndala inakwenda kule. Sapatu laini zilizo wazi nyuma zina tabia ileile, hata zikionekana za kistaarabu zaidi.

Upande wa pili kuna raba. Utafiti mmoja uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha wazee walioanguka na wasioanguka, ukakuta raba na viatu vyepesi vya turubai vina hatari ndogo kuliko aina nyingine. Lakini raba zote si ndugu. Zile zenye soli nene iliyojaa sponji, ambazo ukizijaribu dukani unajihisi uko kwenye godoro, zinamnyima mzee kuijua sakafu na kifundo kinayumba juu yake. Soli nyembamba na ngumu kiasi humsaidia zaidi kusimama wima, japo starehe yake ni ndogo.

| | Inavyoshika sakafu | Inavyoshika mguu | Usiku |
|---|---|---|---|
| Peku | Vizuri pakavu, vibaya penye maji | Hakuna kinga ya vidole | Hakuna cha kuvaa |
| Soksi tupu | Vibaya | Zinazunguka | Anazo tayari, ndiyo hatari yake |
| Ndala, sapatu wazi nyuma | Inategemea soli, ikilika ni hatari | Vidole ndivyo vinavyoshika | Rahisi mno |
| Raba ya kamba | Vizuri | Vizuri sana | Hataifunga |
| Kiatu chepesi cha ndani, kisigino kimefunikwa, mkanda wa kunata | Vizuri | Vizuri | Anaweza |

Safu ya mwisho, ile ya usiku, ndiyo iliyoniamulia. Raba ya kamba ingeshinda kama watu wangeamka wakaketi wakafunga kamba. Saa tisa usiku hakuna anayefunga kamba. Atazikanyaga zinazoning'inia, au atakunja nyuma ya kiatu akifanye ndala. Kwa hiyo nyumbani kwetu kiatu cha ndani chenye mkanda wa kunata kilishinda, ingawa kwa ubora tu raba ilikizidi.

Unapokichagua, kiangalie hivi. Minya ukuta wa nyuma kwa dole gumba; ukilala bapa, kiache. Kikunje, kipindike penye vidole, si katikati. Kisigino kiwe kipana na kisizidi sentimita 2.5 kwenda juu. Halafu kipime kwa karatasi: mzee asimame juu yake jioni, wakati miguu imevimba kidogo, uchore kuzunguka mguu, ukate mchoro, uutumbukize kwenye kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba. Mchoro wa mama ulijikunja pande zote mbili ndani ya kile kiatu kizuri cha ngozi. Alikuwa anavaa namba aliyoizoea tangu ujana, na mguu hupanuka kadiri miaka inavyokwenda.

Kucha na magaga: umtunze nyumbani au umpeleke kwa mtaalamu?

Mguu unaouma hubadilisha mwendo. Mwenye sugu chini ya kidole hukanyagia pembeni, mwenye kucha iliyozama hauwekei mguu uzito wote, na mwendo wa namna hiyo ndio unaomwangusha. Kwa hiyo kucha ni suala la usalama, si la urembo tu.

Nyumbani mnaweza mengi. Kuosha kwa maji ya vuguvugu, yaliyopimwa kwa kiwiko na si kwa mguu wenye ganzi. Kukausha kati ya vidole, sehemu ambayo wazee wengi hawaifikii kwa mikono yao, ndiyo maana fangasi hupenda kukaa pale. Kukata kucha kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembeni, kisha kulainisha ncha kwa tupa ya kucha. Magaga husuguliwa taratibu kwa jiwe la miguu na kupakwa krimu yenye urea, kila siku, kisigino chote, ila si katikati ya vidole. Apakwe kabla ya kulala na avalishwe soksi, na hizo soksi zivuliwe kabla hajashuka kitandani. Krimu na soksi juu ya sakafu laini ni kutafuta balaa kwa mikono yako.

Kuna mahali mkasi wa nyumbani uwekwe chini. Kucha zilizonenepa na kujipinda kama pembe. Kidole chenye usaha. Mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Miguu ya baridi, ya rangi isiyo ya kawaida, ambayo kidonda hakiponi. Na mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia, huyo wembe usimguse sugu, wala zile plasta za dawa ya kuondoa sugu zisimkaribie: zina asidi, zinachoma hata ngozi nzima na yeye hasikii.

Utajuaje kama hisia zimepungua? Kuna kipimo kilichoanzia Ipswich, Uingereza, kisichohitaji chombo chochote. Mzee afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya dole gumba la mguu, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho, miguu yote miwili. Usibonyeze, usipapase. Kila akihisi aseme. Kati ya sita, akikosa mbili au zaidi, mpeleke akapimwe vizuri. Nilipomfanyia mama alipata zote, kisha akaniuliza kama na mimi nimejipima.

Je, kwenda kwa mtaalamu wa miguu kunapunguza kuanguka kweli? Utafiti ninaoupenda ulifanyika Melbourne, Australia, ukachapishwa mwaka 2011. Wazee 305 wenye maumivu ya miguu yanayowazuia shughuli waligawanywa makundi mawili. Wote waliendelea kupata huduma ya kawaida ya miguu, kucha na sugu. Kundi moja likaongezewa soli maalumu za ndani, ushauri wa viatu na msaada wa kuvigharamia, mazoezi ya miguu ya kufanyia nyumbani, pamoja na kijitabu cha kujikinga na kuanguka. Baada ya miezi 12, kundi hilo lilianguka kwa asilimia 36 chini ya wenzao.

Usome tena hapo kwenye "wote". Kucha zilikatwa pande zote mbili. Kilicholeta tofauti ni yale yaliyoongezwa. Kwa hiyo ukimpeleka mzee kwa mtaalamu, usiridhike na kukatiwa kucha na kurudi. Mbebee na viatu vyake vyote, hasa vya ndani, mwambie mtaalamu avitazame, na uombe mazoezi.

Kutulia au kujinyoosha?

Hapa ndipo familia zenye upendo hukosea. Mzee akishaanguka mara moja, anaambiwa kaa, usiinuke, nitakuletea. Yeye mwenyewe ana hofu, anakubali. Mapaja yananyauka, vifundo vinakakamaa, na baada ya miezi michache ile safari ya chooni, ambayo hakuna anayeweza kumwendea, inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa kabla hajaanguka. Kutulia kunapunguza nafasi za kuanguka leo na kuziongeza za mwezi ujao.

Ushahidi wa mazoezi una nguvu kuliko wa jambo lolote nililolitaja humu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikuta mazoezi hupunguza idadi ya kuanguka kwa takriban asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani. Ila ni mazoezi gani? Watu wengi husikia "mazoezi" wakafikiria kutembea. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa furaha, lakini peke yake hakujathibitika kuzuia kuanguka, na kumpeleka aliye dhaifu kwenye matembezi ya haraka kunaweza kumwangusha hukohuko. Yanayofanya kazi ni yale ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, na nguvu za miguu. Mpango wa Otago, uliotungwa New Zealand, ndivyo ulivyo: mazoezi ya nguvu na mizani mara tatu kwa wiki, nyumbani, na kutembea mara mbili. Taichi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, nayo imeonyesha matokeo mazuri kwa wanaopenda kufanya kwa kikundi.

Sisi tulianza na machache. Mama hushika ukingo wa meza nzito ya jikoni, huinuka kwa ncha za vidole, hushuka, kisha husimama kwa visigino vidole vikiwa juu. Huketi na kusimama kwenye kiti imara bila kujisukuma kwa mikono. Wiki ya kwanza aliweza mara mbili, sasa anafika nane na kulalamika. Husimama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa kidole, huku mtu akiwa karibu. Na kwa ajili ya vidole, huokota gololi sakafuni kwa vidole vya mguu akiwa ameketi na kuziweka kwenye bakuli. Hilo ndilo analolipenda, kwa sababu wajukuu hushindana naye na hushindwa. Gololi zikihesabiwa zisipotimia, hatusimami mpaka ya mwisho ipatikane.

Fimbo au fremu?

Fimbo inamfaa mwenye mguu mmoja mbovu au anayehitaji tu kuongezewa uhakika. Fremu, kile chombo cha kutembelea chenye miguu minne, ni ya anayehitaji kuegemeza uzito wake kwa mikono yote miwili. Anayeshika ukuta, kisha kabati, kisha kiti, ameshakwambia kwamba anahitaji kitu. Bado tu kujua kipi, na hilo mwulizeni mtaalamu wa viungo kabla ya kununua, kwani chombo kisichomfaa mtu humwangusha.

Fimbo hupimwa mzee akiwa amevaa viatu, mikono imening'inia: mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Hushikwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Wengi hushika upande wa mguu mbovu, na ukiwaeleza hawakuamini mpaka wajaribu. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu hutangulia kushuka. Mpira wa chini ukilika hadi kuwa laini, ubadilishwe. Ni kisa kilekile cha ndala.

Fremu isiyo na magurudumu ni imara lakini kila hatua lazima inyanyuliwe, na katika kuinyanyua wengine hurudi kinyumenyume. Yenye magurudumu mawili mbele huendeleza mwendo, ila humtoroka asiye na nguvu ya kuizuia. Zote mbili hazipandi ngazi. Na kabla ya yote pima mlango wa choo. Fremu isiyopita pale itaachwa nje, na hatua mbili za mwisho, zenye maji, atazimaliza mikono mitupu. Fimbo nayo isiegemezwe ukutani usiku. Itaanguka na kuwa kitu cha kujikwaa. Itafutiwe ndoano karibu na mto.

Mengine, kwa haraka

Kurunzi au taa ndogo ya ukutani? Taa. Kurunzi inakula mkono mmoja, na mkono huo ndio wa kushikia. Zulia dogo kando ya kitanda, liondolewe. Kulibandika kingo ni suluhisho la pili kwa ubora. Reli chooni ifungwe ukutani kwa skrubu, maana kishikio cha taulo hakikutengenezwa kubeba mtu. Miwani yenye lenzi mbili hufifisha sakafu unapotazama chini, kwa hiyo anayepanda na kushuka ngazi mara nyingi afikirie miwani ya mbali peke yake anapotembea.

Dawa zipelekwe zote kwa daktari, kwenye mfuko mmoja, na za usingizi zitajwe kwanza. Anayepata kizunguzungu akiinuka apimwe shinikizo la damu akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, sababu ya kuanguka huenda haiko miguuni kabisa. Wakati huo huo aketi ukingoni mwa kitanda kwa muda kabla ya kusimama, achezeshe vifundo.

Kama wiki hii unaweza kimoja tu

Kwa mzee ambaye bado hajaanguka na anatembea vizuri, ningeanza na mazoezi, kwa sababu ndiyo yanayochukua muda kuleta matunda. Aliyeanguka akielekea chooni, anza na kiatu cha ndani na taa, leo hii. Anayelalamika miguu, mtaalamu wa miguu kabla ya fimbo. Mwenye kisukari, kipimo cha kugusa vidole kabla ya lolote. Aliyeanguka mara mbili ndani ya mwaka, au aliyezimia, au aliyegonga kichwa huku anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, huyo asisubiri ulinganisho wa mtu yeyote. Ni wa daktari, na wa mwisho aende siku hiyohiyo.

Mama sasa ana viatu vyake vya mkanda, vimeelekea nje kando ya kitanda ili miguu iviingie bila kutafuta. Ndala alikataa kuitupa. Tulikubaliana ibaki bafuni, mpya, yenye mkanda wa kushika kisigino, na ile ya zamani nikaikata vipande viwili mbele yake ili isije ikarudi. Aliniangalia tu, akasema ningemwachia hata ya kuulia mende.